Nyota ya Begani: Kijana Aombe Lini?

Ndugu msomaji, juma juzi nilikuwa Kagerankanda, kule nyanda za juu za Kigoma, wilayani Kasulu. Nilikwenda kwa dada yangu, na kama ilivyo ada yetu sisi Waha, maamkizi yalichukua muda mrefu kuliko chakula. Tulipomaliza ugali wa muhogo na maharage, dada alimwita mwanawe wa pili aketi mbele yangu. Kijana ana miaka 20, amemaliza kidato cha sita, na ni mrefu kunizidi.

“Shikamoo mjomba,” alisema. “Nataka kuwa ofisa wa jeshi. Ila sijui niombe lini. Niombe sasa na cheti changu cha kidato cha sita, au niende kwanza chuo kikuu nije kuomba na shahada?”

Shemeji yangu, ambaye ni mkulima wa mahindi, hakungoja nijibu. “Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako,” alisema. Dada naye akamjibu palepale, “Haraka haraka haina baraka.” Kisha akanigeukia, akasema neno ambalo ndilo hasa lililonifanya nichague mada ya leo: “Kaka, wewe uko mjini, sauti yako tunaisikia redioni kila juma. Huna mtu huko jeshini wa kumsemea mpwa wako?”

Sina mtu jeshini. Na hata ningekuwa naye, ningesita. Lakini njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa nikilitafakari swali la yule kijana. Lini? Niligundua kwamba swali hilo ni kubwa kuliko familia yetu. Katika nchi hii na kwa majirani zetu, swali la lini Mwafrika awe ofisa limewahi kuangusha serikali, na yetu wenyewe nusura ianguke. Basi leo, ndugu msomaji, naomba tufuatane nyuma kidogo, halafu turudi Kagerankanda na jibu.

Tuanze na babu yetu mzaa mama. Yeye alikwenda vita vikuu vya pili, akafika Burma, akarudi na koti zito na cheo cha koplo. Alikuwa miongoni mwa Watanganyika waliovaa sare ya King's African Rifles, jeshi lililoundwa na Waingereza mwaka 1902, ambalo wazee wetu walilifupisha wakaliita Keya. Wenzake wengi wa Buha hawakupelekwa vitani bali katika mashamba ya mkonge ya Tanga, maana serikali ya kikoloni iliitazama nchi ya Waha kama ghala la vibarua. Kwa babu, swali la kuomba uofisa halikuwapo kabisa. Mwafrika aliweza kuwa koplo, sajenti, hata sajenti meja. Luteni, kapteni, meja na kuendelea walikuwa Waingereza. Waandikishaji wa siku zile, tena, walipendelea kijana wa shamba asiyejua kusoma kuliko aliyesoma, kwa kuwa waliamini msomi atakuwa mbishi.

Katikati ya miaka ya 1950 ukabuniwa mlango wa nusu. Wakoloni walianzisha cheo cha effendi kwa ajili ya askari Waafrika wa siku nyingi. Effendi alikuwa juu ya sajenti meja lakini chini ya luteni Mwingereza aliyetoka shule jana. Kwa maneno mengine, mtu alipewa heshima akanyimwa amri. Naomba ulishike neno hilo effendi, tutalirudia.

Sasa tuvuke Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ile, kwa Wabelgiji, hata mlango wa nusu haukuwapo. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni, 1960, na jeshi lake halikuwa na ofisa hata mmoja Mkongo. Siku chache baadaye mkuu wa jeshi hilo, Jenerali Émile Janssens, aliwakusanya askari, akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru. Alitaka kuwafundisha nidhamu. Askari waliasi, maofisa wakafukuzwa, na katika pengo lile akapandishwa ghafla kuwa kanali na mnadhimu mkuu mtu mmoja aliyekuwa ameacha jeshi akiwa sajenti na kuingia kwenye uandishi wa habari. Jina lake Joseph Mobutu. Wakongo walikaa naye hadi mwaka 1997.

Tanganyika ilikuwa na nafuu kidogo. Kabla ya uhuru vijana wachache, wa kuhesabika kwa vidole, walipelekwa Sandhurst, chuo cha maofisa cha Uingereza. Mmoja wao alikuwa Alexander Nyirenda, yule luteni aliyepandisha bendera na kuwasha mwenge juu ya Kilimanjaro usiku wa uhuru, Desemba 1961. Mwingine alikuwa Mirisho Sarakikya. Wengine walipitia Mons, chuo cha Waingereza cha mafunzo ya muda mfupi. Katika siku hizo mafunzo ya Sandhurst yalichukua karibu miaka miwili, na ya Mons yalikuwa ya miezi tu. Utaona basi kwamba swali la mpwa wangu lilikuwapo tangu hapo: njia ndefu au njia fupi?

Siku ya uhuru Keya ya Tanganyika ilibadilishwa jina ikaitwa Tanganyika Rifles. Jina lilibadilika, maofisa hawakubadilika. Miaka miwili baadaye mkuu wa jeshi alikuwa bado Mwingereza, Brigedia Patrick Sholto Douglas, na sehemu kubwa ya maofisa ni Waingereza vilevile. Hoja ya serikali haikuwa ya kipumbavu. Ofisa hatengenezwi kwa siku moja, na kumpa mtu kikosi kabla hajajua kukiongoza ni kuwahatarisha askari na raia. Lakini ijaribu hoja hiyo kwa sajenti mwenye miaka 15 kazini, anayempigia saluti luteni mgeni, huku akiona katika wizara zote Waafrika wenzake wamekwisha kalia viti vya wakubwa. Kwake yeye, “subiri” lilikuwa neno la mkoloni.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari, 1964, subira ilikwisha. Ilikuwa siku nane tu baada ya mapinduzi ya Zanzibar. Askari wa kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo, waliwakamata maofisa wao Waingereza, wakaingia mjini Dar es Salaam na kushika sehemu muhimu. Madai yao yalikuwa mawili: mishahara iongezwe na maofisa wageni waondoke. Waziri Oscar Kambona alikwenda kuzungumza nao, na askari wakamtaka Luteni Elisha Kavana awe mkuu wao. Mjini maduka yalivunjwa na watu wakauawa. Siku iliyofuata maasi yalifika Tabora, kwenye kikosi cha pili, katika mji ule ambao kila Muha aliyesafiri kwa treni lazima aupite. Ndani ya juma lile moto ulishika Uganda, kambi ya Jinja, na Kenya, kambi ya Lanet.

Mwalimu Nyerere alilazimika kufanya jambo lililomuuma sana. Aliomba msaada kwa Waingereza walewale. Tarehe 25 Januari makomandoo walishuka kwa helikopta kutoka meli ya Centaur, na maasi yakazimwa kwa muda mfupi. Jeshi likavunjwa. Kwa miezi kadhaa ulinzi wa nchi huru ukashikwa na askari walioazimwa kutoka Nigeria.

Wengine husimulia maasi yale kama kisa cha askari wakorofi tu. Mimi nayaona pia kama kisa cha mlango uliofunguliwa kwa kuchelewa. Waingereza walikaa Tanganyika zaidi ya miaka 40. Wangeanza kuwafundisha maofisa Waafrika mwaka 1945, wakati babu yangu na wenzake wanarudi kutoka Burma, mwaka 1964 tungekuwa na maluteni kanali wetu wenyewe. Walianza mwishoni kabisa, na nchi changa ikalipa deni la uchelewaji ambao haikuufanya.

Tarehe 1 Septemba, 1964, ilizaliwa JWTZ, na mkuu wake wa kwanza akawa Sarakikya, akiwa na umri wa karibu miaka 30. Fikiria hilo. Mtu wa miaka 30 anajenga jeshi la taifa kuanzia mwanzo. Alikuwa tayari kwa sababu wakati mlango ulipokuwa mwembamba kama tundu la sindano, yeye alikuwa amekwisha pata elimu ya kupenya. Hakujua kwamba maasi yatakuja.

Jeshi jipya lilichagua vijana wake kwa namna mpya. Askari wa kwanza walitoka katika Umoja wa Vijana wa TANU na katika Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo lilikuwa limeanzishwa Julai 1963. Maofisa walipelekwa kusoma nchi mbalimbali, Canada na China zikiwamo, na baadaye tukawa na chuo chetu cha maofisa huko Monduli, mkoani Arusha. Mwaka 1966 serikali ilipitisha kwamba wasomi nao lazima wapite JKT, na tarehe 22 Oktoba mwaka huo wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana hadi Ikulu kupinga. Mwalimu aliwarudisha nyumbani zaidi ya 300, na akapunguza mshahara wake mwenyewe. Kumbe msomi yule ambaye mkoloni hakumtaka jeshini, sasa taifa lilikuwa linamlazimisha avae kombati, na yeye ndiye anayekataa!

Nilikuomba ulishike neno effendi. Kule Uganda, askari mmoja wa Keya aliyeingia jeshini mwaka 1946, mwenye elimu kidogo sana ya darasani, alifanywa effendi mwaka 1959. Mwaka 1961, uhuru ukiwa unabisha hodi na maofisa Waganda hawapo, Waingereza wakampa kamisheni haraka haraka. Miaka kumi baada ya hapo, Januari 1971, alipindua serikali. Huyo ni Idi Amin. Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia Kagera. Tanzania ikakusanya jeshi, mgambo na vijana wa JKT, na Aprili 11, 1979, Kampala ikaanguka. Vijana wengi wa Kigoma walikwenda vita ile. Wapo waliorudi na nishani, na wapo ambao mama zao walibaki na picha ukutani.

Sisemi kwamba kila askari aliyepanda kutoka chini ni Amin, la hasha. Majeshi bora duniani hupandisha maofisa kutoka kwa askari wao, na wengi wao ni hodari. Ninachosema ni kwamba Kongo na Uganda zilifika mahali pa kugawa nyota kwa pupa kwa sababu maandalizi hayakufanywa mapema. Uchelewaji ndio uliozaa haraka. Methali ya shemeji na methali ya dada, ambazo zilikuwa zikigombana pale Kagerankanda, kumbe ni mama na mwana.

Mwaka 1992, nchi iliporudi katika vyama vingi, askari walitakiwa kuachana na siasa za vyama. Wapo waliobaki na bunduki na wapo waliochagua siasa. Jakaya Kikwete, aliyekuwa na shahada ya uchumi kabla ya kupita Monduli, na baadaye akafundisha huko, alistaafu jeshi mwaka huo akiwa luteni kanali, na mwaka 2005 akawa Amiri Jeshi Mkuu. Mwaka 1994 mafunzo ya JKT kwa vijana wa mujibu wa sheria yakasimamishwa kwa sababu ya ukata. Hayakurudi hadi mwaka 2013. Kwa karibu miaka 20, kijana wa kidato cha sita aliyezaliwa kijijini hakuwa na mahali pa kuonja maisha ya kambi na kuonwa na wakubwa wa jeshi.

Mimi ni mmoja wa vijana wa kipindi hicho. Nilimaliza kidato cha sita mwaka 2000, na siri ambayo mpwa wangu hakuijua ni kwamba nami niliitamani nyota ile. Sikukosa alama, wala afya. Nilikosa karatasi. Nilizaliwa nyumbani, mikononi mwa bibi, wala hakuna aliyeandika popote. Nilipokwenda kutafuta cheti cha kuzaliwa katika ofisi moja, ambayo leo sitaitaja, niliulizwa maswali mpaka nikajisahau mimi ni nani. Bibi yako alizaliwa wapi? Mbona jina hili ni la kule ng'ambo? Nani atakushuhudia?

Wasomaji wa mijini huenda msielewe uzito wa maswali haya. Sisi wa Kigoma tunaelewa. Kiha na Kirundi ni lugha za ndugu, majina yanafanana, na mpaka ulichorwa na Wazungu. Watu walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, wakakimbia tena mwaka 1993, nasi tuliwapokea. Mwishoni mwa mwaka 1997 niliwaona kwa macho yangu askari wakipita vijijini kuwakusanya Warundi waliokuwa wakiishi nje ya kambi. Wengine walikuwa wameoana na watu wetu na kulima nasi miaka mingi. Serikali ilisema ni kwa usalama wa mpaka, na vita vya Burundi vilikuwa vya kweli. Lakini tangu hapo Muha asiye na karatasi amekuwa mtu wa kuthibitisha kila siku kwamba ni wa hapa.

Cheti changu kilitoka baada ya miaka mingi. Umri ulikuwa umekwisha pita. Nikaenda kusomea stashahada ya uandishi wa habari, na leo niko mbele ya kipaza sauti. Sijutii kazi yangu. Lakini koti la babu ninalo bado, na kila Septemba mosi huwa nalitazama.

Sasa turudi Kagerankanda. Nilimpigia simu mpwa wangu, nikampa jibu langu.

Kwanza, nilimwambia, karatasi zako zitangulie ndoto zako. Matangazo ya jeshi hutaka raia wa Tanzania kwa kuzaliwa, na hutaka vyeti halisi. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha taifa viwe mkononi kabla tangazo halijatoka, na majina yote yafanane herufi kwa herufi. Tangazo likitoka lina siku chache, lakini ofisi za vyeti hazina haraka na mtu.

Pili, itikia wito wa JKT usitafute visingizio. Mara nyingi jeshi limechukua vijana waliopita huko. Wilayani kwenu mna kikosi pale Mtabila, mahali ambapo kwa miaka mingi palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi ilipofungwa mwaka 2012. Miezi ile kambini itakuonyesha kama unachopenda ni kazi yenyewe au ni sare tu. Ofisa huanza kwa kuamka kabla ya kuruta wake na kula baada yao. Kama hilo linakuchukiza, afadhali ulijue mapema.

Tatu, kuhusu sasa au baada ya shahada, piga hesabu ya umri. Katika matangazo ya miaka ya karibuni, mwenye shahada amekuwa akiruhusiwa umri mkubwa kidogo kuliko mwenye cheti cha sekondari. Una miaka 20. Ukisoma shahada ya miaka mitatu utakuwa na 23 au 24, na mlango utakuwa haujafungwa. Basi kama nafasi ikitangazwa mwaka huu na karatasi zako ziko tayari, omba. Isipotangazwa, usikae barazani kungoja redio. Nenda chuo, usome kitu ambacho jeshi linakihitaji na raia nao wanakihitaji, udaktari au uhandisi, ingawa hizo huchukua zaidi ya miaka mitatu na hesabu ya umri itabidi uipige upya. Jeshi likikukosa, nchi haitakukosa. Kungoja bila kazi ndiko kuchelewa hasa.

Nne, na hili nilitaka mama yake naye alisikie, hakuna mtu wa kumsemea. Anayekuja na maneno ya “nipe kitu kidogo nikuingizie kijana” ni tapeli, na jeshi lenyewe limetangaza hivyo mara nyingi. Na hata kama angekuwapo mjomba wa kweli wa kupiga simu, nyota iliyopatikana kwa simu ya mjomba ni dada wa nyota ile iliyogawiwa kwa pupa mwaka 1961. Siku ya risasi, askari 30 watamtazama mwenye nyota hiyo wakimuuliza kwa macho twende wapi, na mjomba hatakuwapo.

Dada alinyamaza kidogo kwenye simu. Halafu akasema, “Sawa kaka. Lakini mtoto wa mkubwa naye anaambiwa hivyohivyo?”

Sikuwa na la kumjibu, na ndiyo sababu nalileta kwenu. Mkoloni aliweka mlango wa rangi, na mlango huo ulivunjwa kwa gharama kubwa mwaka 1964. Ni juu yetu kuhakikisha hauwekwi mlango mwingine wa ukoo, wa fedha, au wa karatasi zinazopatikana mjini kwa siku mbili na Kagerankanda kwa miaka miwili. Kijana aulizapo “niombe lini,” taifa nalo lijiulize kama tarehe ile ni moja kwa watoto wake wote.

Mpwa wangu ameniandikia ujumbe jana. Amekwenda mjini Kasulu kufuatilia cheti cha kuzaliwa. Amechukua na mzee mmoja wa kijiji wa kumshuhudia, pamoja na koti la babu nililomtumia kwa basi. Sijui koti litasaidia nini ofisini, lakini amesema kule kuna baridi asubuhi.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.